Pikipiki Wakati wa Mvua

(Mazungumzo ya ndugu mmoja wa Rusimbi, Kigoma, mbele ya mkutano wetu wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme machache juu ya pikipiki. Nadhani Katibu alitegemea mzaha, maana wengi mnanikumbuka kama mtu aliyesinzia kila kipindi cha fizikia. Lakini nilikuwa bwana shamba tangu mwaka 1983 hadi nilipostaafu, na kwetu Kigoma ubwana shamba ulikuwa kazi ya magurudumu mawili. Nilipanda Kalinzi na Matyazo kukagua kahawa wakati barabara ya Mwandiga haijatiwa lami, na hata leo natoka Rusimbi kwenda soko la Mwanga kwa pikipiki, mvua inyeshe isinyeshe.

Mvua zetu huanza mwishoni mwa Oktoba au Novemba, na hazituagi hadi Mei. Zaidi ya nusu ya mwaka! Kwa hiyo anayeogopa kuendesha siku ya mvua, Kigoma hana pikipiki; ana pambo la uani.

Watu huogopa mvua kubwa. Mimi naogopa zaidi ile robo saa ya kwanza. Lami imelala na vumbi, na oili iliyodondoka kwenye malori, na kwetu sisi kuna mawese. Vijana hufunga madumu ya lita 20, mawili huku na mawili huku, na kizibo kimoja kisichokaza hutia alama barabara nzima. Yakija manyunyu, vitu hivyo vitatu huchanganyika vikawa sabuni. Mvua ikishapiga sawasawa huosha lami, na mpira ukashika tena. Ndiyo maana mimi manyunyu yakianza hupiga hodi kwenye kibaraza cha watu nikangoja. Nimekunywa chai nyingi kwa njia hiyo.

Sasa nije kwenye mambo ya kubadilisha vyuma, kwani najua hayo ndiyo mnayoyangoja.

Honda CG 125 ilipotoka mwaka 1976, ilikusudiwa nchi ambazo mwenye pikipiki hana nafasi ya kuitengeneza kila mara. Injini yake ilikuwa nyepesi kuelewa, na nyingi zilikuja na mnyororo uliofunikwa mwanzo hadi mwisho. Baadaye viwanda vya China viliiga injini ile kwa wingi, lakini kifuniko cha mnyororo mara nyingi kilibaki nusu tu, upande wa juu. Kwa tope jekundu la kwetu, nusu hiyo ni kama hakuna. Tope huingia kwenye viungo, mvua huosha grisi, na mnyororo unasaga meno ya gia kama tupa. Kwa hiyo badiliko langu la kwanza ni kipande cha mpira wa tairi kuukuu, nakifunga chini ya kile kifuniko ili kizuie tope la gurudumu la mbele. Hakina sura nzuri. Mjukuu wangu alikiita ulimi wa ng'ombe. Lakini mnyororo unadumu.

La pili ni plagi. Injini nyingi zinazozimika kwenye madimbwi hazijaingiwa na maji ndani. Ni umeme unaotoroka pale kwenye kofia ya plagi. Kata kipande cha tyubu, kivishe kofia hiyo mpaka shingoni, ukaze kwa uzi wa mpira. Gharama yake hakuna.

Madigadi ya mbele ina mashauri yake. Kwenye udongo wa mfinyanzi madigadi iliyo karibu na tairi hujaa tope hadi gurudumu linakataa kuzunguka, na wale wa vijijini wana haki kuinyanyua. Lakini ukiwa mtu wa lami, ukiinyanyua unajirushia maji machoni. Basi kila mtu aangalie njia yake kabla ya kuiga ya jirani. Hali kadhalika gia ndogo ya mbele: ukipunguza jino moja, pikipiki inavuta vizuri zaidi mlimani, na kwenye mteremko injini yenyewe inakusaidia kuzuia mwendo. Kwa miteremko yetu mimi naipenda, ingawa vijana wanaopenda mbio hunicheka.

Breki za viatu, zile zilizo ndani ya rimu, zikishaingia dimbwi refu hazishiki. Ukitoka majini zibonyeze kidogo huku ukienda polepole, zijikaushe kwa joto lake.

Ule mwavuli mkubwa unaofungwa juu ya dereva mimi siukubali. Upepo wa ziwani haupigi hodi, na ukiingia chini ya mwavuli hukuhamisha upande mmoja wa barabara hadi mwingine. Koti la mvua lipo.

Ndugu zangu, hayo yote ni madogo. Neno lililonileta hapa ni jingine, na linawahusu baadhi yenu mliokaa mbele.

Tangu kanuni za mwaka 2010 zilipoitambua pikipiki ya abiria, wengi wetu tumenunua moja au mbili tukawapa vijana kwa mkataba. Kijana analeta hesabu kila siku, na muda ukitimia pikipiki inakuwa yake. Ni mpango mzuri. Lakini mikataba mingi niliyoisoma haijui mvua. Siku ya jua hesabu ni ileile, siku ya gharika ni ileile.

Masika ya mwaka 2024 kijana wa jirani yangu alikuwa na tairi la nyuma lililokwisha kabisa, laini kama kiganja. Alimwambia mwenye pikipiki, akajibiwa kwamba bado halijatoboka. Jioni ile mvua ilikuwa imenyesha tangu adhuhuri, abiria hakuna, hesabu haijatimia. Manyunyu yakirudi akampakia mama mmoja muuza dagaa kutoka Kibirizi. Kwenye mteremko gurudumu la nyuma likatangulia la mbele. Kijana alivunjika mguu, yule mama mkono. Nilikuwa wodini mwenye pikipiki alipofika. Alitoa pole, kisha akauliza funguo iko wapi.

Nimeulizana na nafsi yangu mara nyingi, ni nani aliyekuwa akiendesha jioni ile. Kijana alishika usukani, naam. Lakini aliyemtoa barazani wakati wa manyunyu ni ile hesabu.

Mimi nina pikipiki moja mikononi mwa kijana. Hesabu yetu ni shilingi 8,000. Tumeandikiana kwamba siku ya mvua ya kutwa analeta nusu, na ile nusu inasogezwa mwisho wa mkataba. Sikupoteza senti, nimeongeza siku tu. Tairi na viatu vya breki nanunua mimi, na kijana ndiye anayeamua limekwisha, si mimi niliyekaa nyumbani. Tairi la nyuma kwetu halifiki hesabu ya wiki moja. Mwenzangu mmoja alinionya kwamba kijana ataita kila wingu mvua. Huu ni mwaka wa pili, na aliyezidisha ni mbingu tu.

Ndugu Mwenyekiti, muda wangu naona umekwisha. Karatasi ya mkataba huo ninayo hapa mfukoni, ukurasa mmoja na nusu, kwa Kiswahili cha kawaida. Anayetaka kuunakili anione baada ya chakula, aje na kalamu yake.