Meza ya Maktaba: Kosa Langu na Dawa Yake

Ndugu Mwenyekiti, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, ndugu zangu tuliolala bweni moja, na ninyi vijana mlio masomoni:

Nimeombwa nieleze habari za meza hii ya mninga iliyo mbele yenu. Mnajua kwamba ilitengenezwa kwa michango yenu. Lisilojulikana ni kwamba nilipoikabidhi mara ya kwanza ilikuwa na kasoro, nami fundi nikijua.

Uso wake umemwagiwa epoksi. Hiyo ni dawa ya sehemu mbili: epoksi yenyewe na dawa ya kuigandisha. Zikichanganywa hupata joto, kisha huwa ngumu na kung'aa kama kioo. Lakini hazitaki kukisiwa. Kila kiwanda huandika kipimo chake, pengine 1 kwa 1, pengine 2 kwa 1, nacho hufuatwa vile vile. Rangi inayochelewa kukauka unaweza kuingojea. Epoksi iliyokosewa kipimo haingojeki. Wala kuzidisha dawa ya kugandisha hakuiharakishi, huiharibu.

Siku ile nilikuwa na haraka, na kopo la mwisho nikalipima kwa jicho. Kesho yake mahali pa katikati, kadiri ya sahani, palinata kidoleni. Dawa yake niliijua: kukwangua. Badala yake nikamwaga tabaka jingine juu, lililopimwa vyema. Ikang'aa, nanyi mkapiga makofi.

Hazikupita siku nyingi, vitabu vikabonyeza pale katikati na uso ukapasuka. Mkutubi akaniandikia barua ya upole, akiuliza kama ni wanafunzi walioichezea. Barua ile iliniumiza kuliko matusi. Vijana walikuwa wakishukiwa kwa kosa langu.

Nikarudi na vyombo vyangu. Nilikwangua pale kwa patasi mpaka kwenye mbao, mabaki yaliyonata nikayafuta kwa kitambaa chenye spiriti, nikaacha pakauke. Kisha nikapiga msasa namba 80, halafu 120, nimefunika pua na mdomo na kuvaa glavu, maana vumbi lake hudhuru kifua, nayo dawa mbichi hudhuru ngozi.

Mbao ina vitundu vyenye hewa, na humo ndimo mapovu mengi yanamotoka. Kwa hiyo nilianza kwa kupaka tabaka jembamba la kuziba vitundu, ndipo nikajaza shimo. Mapovu yaliyopanda niliyapitishia joto upesi upesi, bila kusimama mahali pamoja. Ilipoganda nikapiga msasa meza nzima, kwani tabaka jipya halishiki vizuri juu ya uso laini unaong'aa. Nikafuta vumbi, nikamwaga la mwisho. Na mkiona mahali epoksi inakimbia na kuacha vidoa vya mviringo, jueni pana mafuta au nta. Pasafisheni kwanza, kumwaga zaidi hakusaidii.

Vijana, kazi ya kurekebisha ilinichukua siku nne. Kama ningekwangua asubuhi ile ya kwanza, ningemaliza kwa siku mbili, na asingeshukiwa mtu. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Mkutubi nilimjibu kwa barua. Leo nasema mbele ya wote: wanafunzi hawakuiharibu meza ile. Niliiharibu mimi, nami naomba radhi.