Kitambaa Kikichelewa, Nani Alipaye?

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wawakilishi wa wafanya kazi wa viwanda vya nguo, Eldoret)



Nimeombwa niseme juu ya mwendo wa kazi na vifaa katika viwanda vya nguo. Jina hilo ni refu, lakini jambo lenyewe mwalijua. Jumatatu mwafika langoni saa moja asubuhi, mwaambiwa kitambaa hakijafika, rudini nyumbani. Jumatano kitambaa chaingia, na Ijumaa hapana ruhusa ya kutoka mpaka oda iishe. Mshahara wa Jumatatu umekatwa, na mbio za Ijumaa zaitwa bidii. Leo nataka tuifuate njia ya kitambaa tangu shambani, tupate kuona ni wapi hasa kinapochelewa. Mfanya kazi asiyejua jambo limeharibikia wapi ataambiwa kwamba limeharibikia mikononi mwake.

Tuanze na pamba. Shamba la Bonde la Kerio, au la Busia, latoa mavuno mara moja kwa mwaka. Kiwanda cha kusokota nyuzi chala pamba kila siku. Basi mwenye kiwanda hana budi kununua, katika miezi michache ya mavuno, pamba ya kumtosha muda mrefu, na kuiweka ghalani. Hizo ni fedha nyingi zilizolala. Asiyekuwa nazo wakati huo atanunua kidogo kidogo baadaye kwa bei atakayotajiwa, au ataagiza pamba ya Uganda na Tanzania na kulipa gari. Tena si yote ichumwayo iwayo uzi. Ikisha kuchambuliwa, kilo tatu za mkulima hutoa kama kilo moja tu ya nyuzi, na sehemu kubwa ya zilizobaki ni mbegu. Robota moja la kilo 185 lataka zaidi ya nusu tani ya pamba kutoka shambani.

Mkulima naye ana hesabu yake. Akikaa miezi bila kulipwa, mwaka ujao atapanda mahindi, na wala simlaumu. Katika msimu wa 1984/85 Kenya ilipata karibu marobota 70,000. Malipo yalipozidi kuchelewa, kisha biashara ya pamba ikaachwa huria mwaka 1991, mavuno yalianguka vibaya. Wakati huo huo mitumba ikaingia kwa wingi, na viwanda vikakosa pamba upande mmoja na wanunuzi upande wa pili. Kicomi cha Kisumu kilifungwa katika miaka hiyo ya 1990.

Sisi wa Eldoret tuna mfano wetu wenyewe. Rivatex ilijengwa katikati ya miaka ya 1970, na ilikuwa kiwanda cha kufanya yote chini ya dari moja: pamba yaingia mlango huu, yasokotwa, yafumwa, yatiwa rangi, na kitambaa chatokea mlango ule. Nayo ikaanguka mwishoni mwa miaka ya 1990. Chuo Kikuu cha Moi kikainunua mwaka 2007, zikaletwa mashine mpya kwa mkopo wa Serikali ya India, na mwezi wa Juni 2019 ikafunguliwa upya na Rais Uhuru Kenyatta. Watu wengi walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Lakini mashine mpya hula kuliko za zamani. Siku ya kufungua kiwanda kila mtu hutazama mashine; mimi ningependa kuonyeshwa ghala la pamba kwanza.

Twende sasa Athi River, kwa wenzetu wa viwanda vya kushona nguo za kuuzwa ng'ambo. Tangu sheria ya Marekani iitwayo AGOA ya mwaka 2000, suruali na mashati yaliyoshonwa Kenya yaliruhusiwa kuingia kule bila ushuru, hata kama kitambaa chenyewe kimetoka China au India. Ajira ilipatikana, hilo nakubali. Ila mkulima wa Kerio hakuuza hata kilo moja katika shati lile. Na njia ikawa ndefu zaidi: kitambaa chasafiri baharini majuma kadhaa hadi Mombasa, chapita forodhani, chapanda barabara. Meli ikichelewa juma moja, mnunuzi wa Marekani habadili tarehe yake. Mwenye kiwanda akishindwa na tarehe, huenda akalazimika kusafirisha mzigo kwa ndege kwa gharama yake, na faida yote imekwisha. Ili asifike huko, lile juma lililopotelea baharini hutafutwa mahali pamoja tu, nayo ni chumba cha cherehani.

Msidhani hayo ni ya ng'ambo peke yake. Sare za shule zatakiwa madukani kabla ya Januari, na shule haingoji. Kitambaa kikiingia Desemba badala ya Oktoba, nyinyi mwajua Krismasi yenu huwaje.

Sasa tuingie ndani ya chumba chenyewe, maana hapa ndipo mnapolaumiwa zaidi. Tuseme katika mstari wa kushona mashati, washonaji wa kola waweza kutoa kola 40 kwa saa, na wengine wote waweza kufanya 60. Mstari huo utatoa mashati mangapi? Arobaini. Mnyapara aweza kumpigia kelele mtu wa vifungo tangu asubuhi hadi jioni, hatapata la arobaini na moja. Atakachopata ni mafungu ya mikono na migongo yamerundikana sakafuni yakingoja kola. Dawa yake ni kuongeza mtu mmoja au cherehani moja pale kwenye kola, na mapatano ya kazi yapimwe kwa mstari mzima. Nimewasikia wengine wakisema hiyo ni kazi ya ofisi, haituhusu. Yatuhusu, kwa kuwa kiwango cha 60 kikiwekwa juu ya mstari wenye uwezo wa 40, kila saa mtakuwa na deni la mashati 20 ambayo hayangeweza kushonwa.

Yako pia mambo ya sheria. Waajiri wengine huona njia rahisi ya kubeba ucheleweshaji ni kuwa na vibarua: kitambaa kipo, njoo, kitambaa hakipo, usije. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 37, yasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zisizopungua mwezi mmoja huhesabiwa kuwa mfanya kazi wa mshahara wa mwezi. Na mwajiri akitaka kupunguza watu kwa kukosa kazi, kifungu cha 40 chamtaka kukiarifu Chama na afisa wa kazi si chini ya mwezi mmoja kabla, na kumlipa kila mtu si chini ya siku 15 kwa kila mwaka kamili aliotumika. Neno "hakuna kitambaa" peke yake si barua ya kumwachisha mtu.

Kwa hiyo kabla ya mazungumzo yajayo naomba kila mwakilishi anunue daftari. Kila siku mstari wenu ukisimama, andikeni saa uliposimama, saa ulipoanza tena, na kilichokosekana: kitambaa, uzi, zipu, umeme, au fundi wa mashine. Andikeni pia tarehe oda ilipoingia na tarehe kitambaa chake kilipofika. Msiongeze wala kupunguza, hata mkiwa na hasira. Saa moja ya uongo ikigunduliwa mezani itaziua saa mia za kweli. Na ikiwa kosa ni la kwetu, mathalani watu wamechelewa kurudi kutoka chakula, liandikwe vile vile.

Tukiwa na daftari hizo tutaomba mambo mawili katika mapatano. Kwanza, siku ya kungoja vifaa ilipwe, kwa maana mfanya kazi alikuwa langoni na mikono yake. Pili, wawakilishi waonyeshwe hesabu ya oda na ya ghala kila mwezi, ili mtu ajue mapema kama Novemba ina kazi au haina, asije akakopa karo ya mtoto kwa kutegemea saa za ziada ambazo hazitakuwapo.

Daftari ziletwe ofisi ya tawi mwisho wa mwezi. Mwenye swali na aulize.