Muulizeni Anayechunga

Ndugu wafugaji, baba na mama, kiangazi kikikaribia wakubwa hukaa kuamua ng'ombe wepi wauzwe na boma lihamie wapi. Mtoto anayeshinda nao malishoni haitwi. Lakini ni yeye aliyemwona ndama akibaki nyuma, hali majani, tezi za chini ya sikio zimevimba. Hizo ni dalili za ndigana kali. Ikijulikana mapema dawa husaidia. Mkichelewa, ndama amekwenda. Ni yeye pia anayejua mbuzi gani katupa mimba. (Mkanyeni asiishike mimba hiyo kwa mikono mitupu.)

Basi jioni, mifugo ikishaingia zizini, muulizeni: leo umeona nini? Asikilizwe mpaka amalize. Aliyechapwa kwa kupotelewa na mbuzi mmoja, wa pili atamficha.

Kuna na yule mtamba mliyempa mtoto mwenyewe. Asirudi malishoni akaambiwa ameshapelekwa mnadani. Mwambieni kabla, na sababu, iwe ni mahindi au sare za shule. Huenda akawatajia maksai mzee wa kuuzwa badala yake.

Na binti aliye darasani, mkihama, atabaki kwa nani? Aulizwe yeye, asisemewe na kaka yake. Hapa Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kutoa maoni na kusikilizwa katika mambo yanayomhusu. Neno la mwisho bado ni lenu wazazi. Ila mkikaa kupanga safari ya malisho, waiteni nao waketi.