Talaka ya Simu



Ndugu zangu vijana, tusidanganyane kwamba talaka imeanza jana. Tangu zamani huko Pwani watu wakioana na kuachana. Kilichogeuka ni namna. Zamani neno lilipita kwa wazee kwanza. Leo mume aweza kulituma kwa simu akiwa ndani ya matatu. Mke anabaki hana karatasi. Kaachika ama hajaachika? Eda aihesabu tangu lini? Akija mposaji, atamjibu nini?

Surat An-Nisaa, aya ya 35, imetupa dawa mapema: hakamu mmoja wa upande wa mume, mmoja wa upande wa mke. Hapa Eldoret jamaa wametawanyika, huyu katoka Mumias, yule Mombasa. Basi nauli ya kuwaita ni rahisi kuliko kuvunja nyumba.

Halafu kuna cheti. Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka ndoa zetu nazo ziandikishwe. Mtasema nikaha imetimia kwa walii, mashahidi na mahari. Ni kweli. Lakini siku mume akifa, au akikana, dada yetu ataonyesha nini mbele ya Kadhi?

Waume, chukueni vyeti. Ukiacha, acha kwa mashahidi na maandishi, na umtimizie haki zake za eda. Nanyi wazazi, ulizieni cheti kabla hamjaulizia mchele wa pilau.

Wabillahi tawfiq.