Samaki Wanapopanda Juu Alfajiri: Kutafuta Chanzo cha Vifo Katika Mabwawa ya Oraba



Nimeombwa nizungumzie magonjwa ya samaki. Naomba radhi mapema, maana sehemu kubwa ya maneno yangu haitahusu magonjwa. Kwa niliyoyaona bondeni kwetu, samaki wengi tunaowazika hawakuugua. Walikosa hewa, na sisi tukakimbilia dawa.

Mimi mwenyewe ni shahidi wa kosa hilo. Bwawa langu la kwanza lilikuwa la mita 200 za mraba, nimepandikiza ngege. Mtu aliniambia samadi hulisha maji, nami nikamwaga ya mbuzi gunia baada ya gunia. Maji yakawa mazito, ya kijani kama mboga ya kunde iliyosagwa, na kila mgeni nilimpeleka akayaone. Mwezi wa nane mawingu yakatanda siku mbili, mchana ukawa kama jioni. Asubuhi ya tatu ngege walikuwa wamegeuza matumbo juu. Nikapanda boda boda hadi kwa muuza dawa za mifugo, nikarudi na unga wa kutibu kuku, nikaumwaga wote. Hela ikaenda, samaki wakaendelea kufa.

Ule ukijani niliojivunia ni mimea midogo isiyoonekana kwa macho. Mchana ikipata jua hutoa hewa ya oksijeni, na samaki wanashukuru. Usiku kiwanda hicho husimama, na mimea yenyewe inaendelea kuvuta hewa ileile pamoja na samaki, pamoja na samadi inayooza chini. Kwa hiyo hewa hupungua usiku kucha, na saa mbaya kuliko zote ni kabla ya jua kuchomoza. Mawingu yakikaa siku nzima, akiba ya mchana inakuwa ndogo, na alfajiri deni linadaiwa. Nilichokosea ni wingi wa samadi. Yale mawingu yalinifichulia tu.

Mniruhusu nitoke kidogo Oraba niende baharini, ingawa iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa. Wapo watu wanaofuga matumbawe laini nyumbani, ndani ya matangi ya vioo yenye maji ya chumvi. Tumbawe si jiwe wala ua, ni mnyama, na ndani ya mwili wake huishi mwani mdogo unaomlisha kwa nguvu za mwanga. Likinywea na kukataa kufunguka, mfugaji mzoefu hapimi kwanza dawa. Hupima chumvi, joto na uchafu wa maji, kisha hujiuliza amebadilisha nini wiki hiyo: taa, mahali, au chakula. Mwaka 1998 Bahari ya Hindi ilipopata joto kupita kiasi, matumbawe mengi ya pwani ya Kenya na Tanzania yaliutoa mwani huo mwilini, yakapauka, na mengi yakafa. Hakuna aliyeyapa sumu. Ni maji tu yaliyogeuka. Mnyama yule na ngege wetu wanafanana kwa hilo: wote wanaishi kwa hisani ya kimea kidogo, na kimea hicho kikiharibikiwa, wao ndio wa kwanza kulipa.

Turudi bondeni. Anayetaka kujua hali ya bwawa lake aamke saa 11 alfajiri, asubiri kimya ukingoni. Ngege wakiwa wamejaa juu, midomo ikihema kwenye uso wa maji, na saa moja au mbili baada ya jua kutoka wakazama tena, hiyo ni hewa. Kambare msimhukumu kwa kipimo hicho. Yeye ana kiungo cha kupumulia hewa ya nje, na kupanda mara mojamoja ni desturi yake. Wapo waliomwaga chumvi bwawani kwa sababu kambare wao walikuwa wakipumua kama kawaida.

Ngege wakipanda juu, usiwape chakula siku hiyo. Fungua maji mapya yaingie yakianguka juu ya mawe ili yachanganyike na hewa, na kama una bomba la kutoa, litoe maji ya chini, si ya juu. Asiye na mfereji achote kwa jerikeni na kuyarusha juu mpaka jua lipate nguvu. Inachosha, lakini inaokoa.

Ikiwa wamekwisha kufa, maiti nao wana habari. Kukosa hewa huanza na wakubwa, na mara nyingi hufa wengi usiku mmoja, vinywa wazi. Ukikuta wadogo, vyura na wadudu wa maji wamekufa pamoja nao, uliza ni jirani gani amenyunyizia tumbaku au mboga zake dawa kabla ya mvua kunyesha. Wakifa wawili leo, watatu kesho, mmoja keshokutwa, hapo ndipo maradhi yenyewe yanaweza kuwapo. Tazama nyuzi nyeupe kama pamba juu ya ngozi. Huo ni ukungu, na hupenda kuota palipochubuka, kwa hiyo jiulize ni lini ulivuta nyavu na kwa mikono ya namna gani. Hapo mwite afisa uvuvi, umpelekee samaki aliye hai bado. Aliyeoza hamsaidii.

Kuna sumu nyingine tunayoitengeneza wenyewe. Mashudu na pumba zisizoliwa, pamoja na kinyesi cha samaki, hutoa amonia. Maji yakiwa ya wastani, sehemu isiyofika moja kwa mia ndiyo yenye sumu. Lakini ukijani ukizidi, jua la alasiri huyafanya maji yawe makali kama ya magadi, na zaidi ya theluthi ya amonia ileile huweza kugeuka sumu. Samaki wanaokula vizuri asubuhi na kukataa jioni wanastahili kuangaliwa kwa jicho hilo.

Malalamiko ya ngege waliodumaa nitayapitia haraka, maana si ugonjwa. Ukichanganya dume na jike watazaana mpaka bwawa lijae watoto wanaogombea chakula. Samaki wawili au watatu kwa mita ya mraba wanatosha bwawa la udongo. Vifaranga wanaotoka mbali, kwa mfano Kajjansi, kwa barabara ndefu ya Karuma na Pakwach, nao wasimwagwe mara moja. Mfuko uelee bwawani nusu saa, joto lilingane, ndipo ufunguliwe.

Baada ya chai tutateremka kwenye bwawa lililo jirani. Kila mmoja akunje mkono wa shati. Utatumbukiza mkono polepole ukitazama kiganja: kikipotea kabla maji hayajafika kwenye kiwiko, ukijani umezidi na samadi isimame. Kikionekana hata maji yakipita kiwiko, bwawa lina njaa. Wenye saa mikononi wazivue hapa hapa, mwaka jana moja ilibaki topeni.