KIINGILIO CHA BEI NAFUU

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa Chama cha Wanafunzi wa Zamani)



Nimetakiwa niseme machache juu ya mchezo wa kuigiza utakaoonyeshwa wiki ijayo na vijana wa Igogo, na juu ya tiketi za bei nafuu ambazo Chama chetu kimeombwa kuzigawa. Mtu mzima atalipa shilingi 5,000. Mwanafunzi mwenye kitambulisho atalipa 2,000. Punguzo hilo naliunga mkono. Ninalolipinga ni neno moja tu: kitambulisho.

Mwaka 1997, nikiwa Kidato cha Pili, kikundi fulani kilionyesha mchezo hapa mjini. Kiingilio kilikuwa shilingi 500, wanafunzi 200. Tuliteremka kutoka majabali ya Igogo watu wawili, mimi na mwenzangu wa dawati moja, kila mmoja na shilingi 200 alizozipata kwa kubeba ndoo za samaki. Mlangoni nilionyesha kitambulisho, nikapita. Mwenzangu hakuwa nacho, kwani wiki mbili kabla alikuwa amerudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Mkata tiketi akamwambia, "Kama si mwanafunzi, wewe ni mtu mzima. Leta mia tano." Kijana wa miaka 15! Aliyekosa ada ndiye aliyedaiwa zaidi.

Ningependa kuwaambia kwamba nilitoka nikakaa naye nje. Sikutoka. Nilitazama mpaka mwisho, nikacheka na wengine. Nilipotoka nilimkuta ameegemea ukuta. Akaniuliza, "Walikuwa wanacheka nini?" Nikajaribu kumsimulia, nikashindwa. Shuleni hakurudi tena.

Tangu mwaka 2016 ada imefutwa Kidato cha Kwanza hadi cha Nne, nasi tunashukuru. Lakini piteni Igogo asubuhi. Mtawaona vijana wanaoparua samaki, wanaouza maji, na mabinti walioacha shule kwa ujauzito. Na mchezo huu unahusu nini? Unahusu binti aliyeacha shule. Tutamwigiza ndani, yeye mwenyewe tumwache nje?

Jambo hili si geni mkoani kwetu. Mwaka 1982 na 1983, katika kijiji cha Malya, Kwimba, Penina Mlama na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishirikiana na wanakijiji kuigiza matatizo yao, likiwemo la mimba za wasichana wa shule. Wanakijiji walichunguza, wakatunga, wakacheza, kisha wakajadiliana. Maneno yaliwafikia waliohusika.

Hata wazee wetu Wasukuma walilijua hilo. Katika mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu, pande mbili hucheza kwa wakati mmoja, na wanaovuta watu wengi zaidi ndio washindi. Hapo hukumu ni watu wenyewe. Mchezo unaowafukuza watu mlangoni umeshindwa kabla ya kuanza.

Mtaniuliza, waigizaji watakula nini? Swali ni la haki. Punguzo haliteremki kutoka mbinguni. Lazima mtu alilipe. Tusipolilipa sisi, watalilipa waigizaji. Basi napendekeza mambo mawili. La kwanza, kila mwanachama anunue tiketi yake kwa bei kamili, na aongeze shilingi 3,000 kufidia pengo la kijana mmoja. La pili, tiketi za bei nafuu apewe kila kijana aliye chini ya miaka 18, awe shuleni au asiwe, na wenyeviti wa mitaa wasaidie kuzigawa, maana wao wanawafahamu.

Sisi watumishi wa Serikali tunapenda sana vitambulisho. Nami nimevidai mezani kwangu miaka mingi. Tunaogopa kudanganywa. Lakini akidanganya mmoja akaingia, tumepoteza shilingi 3,000. Akirudishwa mmoja aliyestahili, hasara yake naijua. Nimeibeba tangu 1997.

Wadogo zangu, siku hiyo mkimwona mwenzenu amesimama nje, msipite kama nilivyopita mimi.