Tugeuze Mashua, Tutazame Mkuku

(Mazungumzo haya yalitolewa na kikundi cha wavuvi na wauza samaki mbele ya wahitimu wa kisomo, karibu na Ziwa Duluti, Meru.)

 

Tumeombwa tuzungumze juu ya kazi yetu. Kazi yetu ni samaki. Tuko watu saba. Wanne tunavua katika Bwawa la Nyumba ya Mungu. Watatu tunauza samaki hao katika soko la Tengeru. Mashua yetu ni moja, na ni mali yetu sote saba. Leo tutazungumza juu ya mti mmoja tu ulio chini ya mashua hiyo. Mti huo unaitwa mkuku.

Huenda mtu anajiuliza, "Jamani, sisi wa Meru ni watu wa migomba, kahawa na ng'ombe. Mashua inatuhusu nini?" Swali hilo ni zuri. Tulijibu kwa kuyafuata maji.

Maji yetu yanakwenda wapi?

Mvua inayonyesha Mlima Meru haikai hapa. Mto Themi unapita katikati ya Jiji la Arusha. Mto Usa unapita huku kwetu. Mito hiyo, pamoja na mingine, huingia Mto Kikuletwa. Kikuletwa hupokea pia maji ya Mlima Kilimanjaro. Kisha huingia Bwawa la Nyumba ya Mungu, ambalo lilijengwa katika miaka ya 1960. Hapo pana mtambo wa umeme wa megawati 8. Kutoka hapo maji huenda kwa Mto Pangani mpaka Bahari ya Hindi.

Basi, maji yanayopita hapa mashambani kwetu ndiyo yanayobeba mashua yetu kule. Na samaki wa kule hurudi kuliwa huku kwa ndizi. Ndiyo maana jambo hili linatuhusu sote.

Mkuku ni nini?

Hapa Duluti mmezoea kuona mitumbwi. Mtumbwi wa gogo lililochongwa hauna mkuku. Lakini mashua ya mbao inao. Mkuku ni mti mrefu ulio chini kabisa ya mashua, toka mbele hadi nyuma. Juu ya mkuku hukaa mataruma. Mbao za ubavuni hupigiliwa kwenye mataruma hayo.

Mtu aliyewahi kuchinja ng'ombe ataelewa upesi. Mbavu zote hushika uti wa mgongo. Mataruma ni mbavu. Mkuku ni uti wa mgongo. Uti wa mgongo ukivunjika, mbavu zitashika nini?

Mkuku una kazi nyingine pia. Husaidia mashua kwenda moja kwa moja, isisukumwe ovyo na upepo. Tena mashua inapovutwa pwani, mkuku ndio unaogusa mawe kwanza. Unachakaa ili mbao zisichakae.

Yaliyotupata sisi

Tulipoinunua mashua yetu, mkuku ulikuwa umechomoza vidole vinne chini ya mbao. Tulifurahi sana. Tuliipaka rangi ya buluu ubavuni. Kila jioni tulishuka majini. Kila asubuhi tuliivuta nchi kavu, juu ya changarawe na mawe, na samaki wakiwa bado ndani. Tuliona kutoa mzigo kwanza ni kupoteza wakati.

Mwaka ulipita. Rangi tulipaka tena. Chini hatukutazama hata siku moja.

Usiku mmoja tukiwa mbali na ukingo, mmoja wetu alihisi maji miguuni. Alidhani ni maji ya nyavu. Tulikumba kwa kopo, lakini maji yaliongezeka. Ubao wa chini kabisa, ule unaoshikana na mkuku, ulikuwa umeachia kwa nyuma. Misumari ilikuwa imesagika vichwa. Upepo nao ukaanza.

Tulikuwa wanne. Mmoja hakujua kuogelea. Jaketi okozi zilikuwa mbili tu. Tuliziba ufa kwa shati. Wawili walipiga makasia, wawili walikumba maji. Samaki wote tuliwarudisha majini ili mashua iwe nyepesi. Nyavu mbili tulizikata tukaziacha. Tulifika pwani alfajiri.

Hakuna aliyekufa, tunamshukuru Mungu. Lakini yule mwenzetu asiyejua kuogelea hajaingia tena majini hadi leo. Anauza samaki Tengeru. Yupo hapa, na ameturuhusu tuseme habari zake.

Kulipokucha tuliigeuza mashua kwa mara ya kwanza. Mbele, mkuku ulikuwa umebaki vidole viwili na nusu. Nyuma ulibaki chini ya kidole kimoja. Pale nyuma ndipo uzito wote hulala tunapoisukuma.

Nani alaumiwe?

Hapo ugomvi ulianza. Wavuvi walisema wauzaji wanataka fedha tu, hawatoi za matengenezo. Wauzaji walisema wavuvi ndio wanaolala na mashua, mbona hawakuona? Kila mmoja alisema, "Mimi nilidhani fulani ameangalia." Kidogo kikundi kivunjike.

Tulimwita fundi wa mashua, mzee mtu wa pwani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Mara ya mwisho mliigeuza lini?"

Tulitazamana. Hakuna aliyejibu.

Mzee akasema, "Uso mnaunawisha kila siku. Miguu hamjaitazama."

Hakusema zaidi. Alichukua tezo akaanza kazi. Matengenezo yale yalimeza faida ya miezi mitatu. Lakini tulijifunza mambo ambayo tunataka kuwapa ninyi bure.

Jambo la kwanza: tusiburute

Mashua isivutwe juu ya mawe. Iviringishwe juu ya magogo ya mviringo. Mtu mmoja huchukua gogo linalobaki nyuma na kuliweka mbele. Sisi tulianza kwa magogo ya migomba kutoka huku Meru, kwa kuwa kila mtu hapa anajua jinsi mgomba unavyoteleza. Yalifaa sana, ila yalioza upesi. Sasa tunatumia magogo ya miti.

Jambo la pili: tutoe mzigo kwanza

Tufanye hesabu, maana hesabu tumesoma. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Debe moja ni lita 20, basi ni kilo 20. Mashua ikiwa na madebe 10 ya maji ndani, hizo ni kilo 200. Mnaburuta kilo 200 bure, na mkuku ndio unaolipa. Kwa hiyo kumba maji, toa samaki, toa nyavu, ndipo mvute.

Jambo la tatu: mkuku uvalishwe kiatu

Fundi alipigilia ubao mwingine chini ya mkuku, toka mbele hadi nyuma. Sisi tunauita katambuga. Mnazijua katambuga, vile viatu vya mpira wa gari. Kiatu kikiisha unanunua kingine. Mguu ukiisha utanunua wapi?

Ubao huo uwe wa mti mgumu, unene wa kama inchi moja. Kabla ya kuubandika, mkuku ukauke, kisha upakwe lami au rangi ili maji yasikae katikati. Matundu yatobolewe kwanza kwa keekee ili mti usipasuke. Tumia misumari au skrubu zisizoshika kutu upesi. Vichwa vizame ndani ya ubao. Vikichomoza, mawe yatavisaga kama vilivyosagika vyetu. Misumari isiwe mirefu mno ikatoboa mkuku wote, maana kila tundu ni mlango wa maji.

Mahali penye mawe mengi, huongezwa kipande cha chuma bapa mbele na nyuma, kwa kuwa ndipo panapochakaa kwanza.

Jambo la nne: tugeuze, tupime, tuandike

Kila mwisho wa mwezi tunaigeuza mashua. Kwanza tunapima katambuga kwa rula. Pili tunagonga mkuku kwa mpini wa kisu. Mti mzima hulia kwa sauti kali. Mti uliooza husikika mzito, kama unagonga boga. Tatu tunachoma kwa ncha ya kisu pale tunapotilia shaka. Ncha ikizama bila nguvu, pameoza. Nne tunatazama vichwa vya misumari na nyufa.

Kisha tunaandika katika daftari: tarehe, unene wa mbele, wa katikati na wa nyuma, na jina la aliyepima. Zamu inazunguka kwa wote saba, wauzaji pia. Kila mmoja hutia sahihi yake. Wawili kati yetu zamani walikuwa wakitia dole gumba. Sasa wanaandika majina yao, na hakuna anayeweza kusema, "Nilidhani fulani ameangalia." Daftari linasema nani aliangalia.

Jambo la tano: mashua ilale vizuri

Mashua isiyotumika isilale juu ya jiwe moja. Itapinda. Iwekwe juu ya magogo matatu: mbele, katikati na nyuma. Iwekwe kivulini, maana jua kali hupasua mbao. Wala isiachwe na maji ya mvua ndani, itaoza.

Wenzetu wa pwani, kule maji yetu yanakoishia, wana adui mwingine. Katika maji ya chumvi kuna mdudu anayetoboa mbao, wa jamii ya chaza. Anaweza kula mti kwa ndani, na kwa nje ukaonekana mzima. Ndiyo maana mafundi wa pwani hupandisha vyombo mchangani maji yanapokupwa, wakavisugua chini na kuvipaka mafuta yaliyochanganywa na chokaa. Sisi wa maji baridi hatuna mdudu huyo. Tuna mawe, na tuna uvivu wetu.

Ndugu zetu, mashua yetu bado inafanya kazi. Katambuga ya kwanza ilikwisha, tukaibadili. Mkuku mpya umebaki vile vile. Jaketi okozi sasa ni nne, moja kwa kila anayeshuka majini.

Ninyi hamna mashua. Lakini mna mifereji ya pamoja, mashine ya kusaga ya pamoja, mabanda ya pamoja. Kila kitu hicho kina sehemu ya chini isiyoonekana. Tunaomba kila kikundi kiulize leo: mara ya mwisho tuliigeuza lini, na imeandikwa wapi?



Maswali ya kujadili

1. Kwa nini mkuku wa mashua ile ulichakaa zaidi nyuma?
2. Mashua ina madebe 6 ya maji. Je, huo ni uzito wa kilo ngapi?
3. Katika kikundi chenu kuna mali gani ya pamoja? Nani huikagua, na lini?
4. Chora daftari la ukaguzi wa mali hiyo. Mtaandika nini katika kila safu?